Mvua inakuja: tutengeneze motokari, lakini tutengeneze na saa ya kazi

Kutoka Lubumbashi kupita Likasi mpaka Kolwezi ni kilometa karibu 300. Wakati wa kiangazi shofere anazijua kwa kichwa. Lakini kuanzia mwezi wa 10 ao wa 11 mpaka mwezi wa 4, ile barabara inageuka ingine. Sisi watu wa migodi tunapita mule asubuhi na usiku, pamoja na malori ya shaba, ya kobalti na ya asidi. Inaomba kujitayarisha mbele mvua haijaanza kupiga.

Watu wengi wanaogopa mvua kubwa. Mvua ya kwanza njo mubaya zaidi. Kiangazi kizima vumbi jekundu na mafuta ya malori vinalala juu ya lami. Matone ya kwanza yanavichanganya, na lami inakuwa kama iko na sabuni. Ile siku, punguza mwendo hata kama mvua ni kidogo.

Mipira, kioo, taa

Anzia kwenye mipira. Mingi yenye tunanunua hapa ni ya okazioni kutoka Ulaya. Muuzaji anaipaka rangi nyeusi, inaonekana mupya. Tafuta pembeni yake herufi DOT, kisha angalia tarakimu ine za mwisho: 2318 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2018. Mupira wenye kupita miaka 10 umekuwa mugumu, haushike lami, hata kama mistari yake ingali mirefu. Na ile mistari, ipime na rula ya mutoto wa masomo. Ulaya sheria inakataza kushuka chini ya milimeta 1.6, lakini kwa mvua, chini ya milimeta 3 tayari ni hatari, juu maji hayapate fasi ya kutokea na motokari inaelea.

Vipanguzi vya kioo, jua la kiangazi linavikausha. Badilisha ikiwa vinaacha mistari. Omba mutu asimame nyuma wakati unakanyaga freni, aone kama taa zote zinawaka. Na kama kioo kinajaa ukungu ndani, pulizia hewa ya klima juu yake. Usipanguze na mukono huku unaendesha.

Tena kuna hii: motokari nyingi hapa zilitoka Japani, usukani uko kuume, na sisi tunatembea kuume. Ukitaka kupita lori, hauone mbele mpaka motokari nzima imetoka inje. Kama lori inarusha matope juu ya kioo, acha. Fuata tu.

Hesabu ya freni

Kwa kilometa 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka ni meta 17, na mguu haujagusa freni bado. Kwa 90 ni meta 25. Kisha njo freni inaanza, na mwendo ukiongezeka mara mbili, freni inaomba umbali mara ine. Hiyo ni kwenye lami kavu. Kwenye maji unaongezeka tena.

Ukikuta maji yanapita juu ya barabara, usijaribu. Sentimeta 30 tu zinaweza kuinua motokari ndogo. Na ukikuta lori ya asidi imeanguka, kaa mbali, upande wenye upepo unatokea, wala usikanyage madimbwi ya pale. Mwezi wa 2 mwaka 2019, katika Lualaba, lori ya asidi iligongana na motokari zingine, watu zaidi ya kumi wakakufa. Asidi ikigusa ngozi, toa nguo na osha na maji mengi, kwa dakika nyingi.

Mutu naye anachoka

Mipira mupya haimusaidie shofere mwenye kutoka posti ya usiku. Macho yakianza kufunga, kufungua dirisha ao kuongeza muziki ni kujidanganya. Simama fasi nzuri, lala dakika 20.

Lakini nani anamuruhusu kusimama? Kwenye kampuni moja yenye ninajua, basi ya wafanyakazi ilisimama dakika 40 kungojea mvua ipungue. Wote wakakatwa saa moja ya mushahara. Mvua ya kufuata, abiria wenyewe njo walimulalamikia shofere: "Papa, endesha, tutakatwa!" Ile siku hakuna kitu kilitokea. Ni bahati tu, na bahati haiandikwe mu kontrati.

Sheria namba 16/009 ya tarehe 15/7/2016, yenye inaongoza CNSS, inasema ajali ya njiani kati ya nyumba na kazi ni ajali ya kazi, ikiwa mutu hakuacha njia kwa mambo yake mwenyewe. Basi barabara nayo ni fasi ya kazi. Ndugu delegue, mbele ya mvua, peleka mambo matatu kwa mukubwa wa kazi, kwa maandishi: mipira ya basi zote iangaliwe, hakuna mutu wa kusafirishwa juu ya lori wazi, na chelewa ya mvua isikatwe.

Na weye abiria, shofere akisimama sababu haone mbele, usimusukume. Mushukuru. Kufika na saa moja ya kuchelewa, bado ni kufika.