Uhakiki wa Kazi za Kutisha: Maswali Matatu

Kazi za kutisha, ziwe filamu, riwaya au muziki, hazijapewa nafasi kubwa na wahakiki wa Kiswahili. Aghalabu huwekwa katika kapu moja na fasihi pendwa, kisha hupewa hukumu fupi: inatisha au haitishi. Hukumu ya namna hiyo hueleza hali ya moyo wa mhakiki, wala haielezi lolote kuhusu kazi yenyewe. Makala haya yanafafanua maswali matatu ambayo mhakiki wa utanzu huu hana budi kuyajibu.

Swali la kwanza ni hili: hofu imeundwaje? Katika insha iliyochapishwa mwaka 1826, mwandishi Mwingereza Ann Radcliffe alitofautisha hofu ya kungojea jambo lisilojulikana, ambayo huiamsha nafsi, na kitisho cha kuliona jambo hilo waziwazi, ambacho huigandisha. Mbinu za kuzua hali hizo mbili hutofautiana, na ni jukumu la mhakiki kuzibainisha. Chukua mfano wa filamu ya Alfred Hitchcock, Psycho (1960). Hitchcock alikusudia tukio la mauaji bafuni lisiwe na muziki. Mtunzi Bernard Herrmann aliliandalia muziki wa ala za nyuzi pekee, na mwongozaji alipousikia akabadili nia. Anayehakiki tukio hilo sharti aonyeshe jinsi mikwaruzo ya nyuzi inavyolijeruhi sikio pale ambapo jicho halioneshwi jeraha lenyewe. Sanaa hii si ngeni katika fasihi simulizi yetu. Wimbo unaorudiwarudiwa katika ngano za mazimwi humtia msikilizaji taharuki kabla zimwi halijafika.

Swali la pili linahusu imani ya hadhira. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, alieleza kuwa fantasia hukaa katika kusitasita: msomaji hajui iwapo tukio lina sababu ya kimaumbile au linavuka maumbile. Nadharia hii ina manufaa, ila haifai kupachikwa kila mahali bila kupimwa. Kwa hadhira inayoamini kuwa majini wapo, kutokea kwa jini hakuzui shaka juu ya kuwapo kwake. Huzua maswali mengine: katumwa na nani, na anataka nini? Riwaya za Kiswahili zenyewe hazifuati njia moja. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, mauaji yanayohusishwa na mzimu hufumbuliwa kwa akili ya mpelelezi, Bwana Msa. Katika Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed, mzuka wa babu unamjia mjukuu wake, K, na kumkabili kwa maisha aliyoyachagua. Abdulla huiondoa ajabu ili ukweli ujulikane, ilhali Mohamed huitumia ajabu kuusema ukweli. Mhakiki akizipima kwa kipimo kimoja, ataidhulumu mojawapo.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: nani amefanywa kiumbe cha kutisha? Tangu filamu za video zishamiri Tanzania miaka ya 2000, Nsyuka (2003) ya Mussa Banzi ikiwa miongoni mwa zile za kutisha za mwanzo, mizuka, majini na wachawi wameingia sebuleni mwa watu. Mara nyingi mchawi katika kazi za aina hii huwa ajuza mwenye macho mekundu, aishiye peke yake. Taswira hiyo haiishii kwenye kioo cha runinga. Katika eneo la Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Si haki kudai kwamba filamu ndizo zilizowaua. Hata hivyo, mhakiki anayesifu ustadi wa kutisha bila kuuliza hofu hiyo imeelekezwa kwa nani, atakuwa ameacha nusu ya kazi yake.

Ni dhahiri basi kwamba utanzu huu unahitaji mhakiki anayeijua fani, anayeifahamu jamii na asiyeona haya kuushughulikia. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyekulia katika ngano za mazimwi tayari ana mtaji wa kuanzia.