Watunzi wa Nchi Zisizo Kwenye Ramani Hula Nini?

Likizo ya Agosti tulikuwa tukichuma majani chai huko kwetu Nyamira nilipomwambia baba kwamba nataka kuwa mtunzi wa hadithi za ajabu, zile za watu wanaosafiri angani na nchi zisizopatikana kwenye ramani. Baba alitua kikapu, akanitazama, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hizo ndoto zitatununulia unga?" Nilikosa la kusema. Makala haya ndiyo jibu langu.

Kwanza tuseme ukweli. Mtunzi hulipwa mrabaha, yaani sehemu ndogo ya bei ya kila nakala inayouzwa. Kitabu kikiteuliwa kutahiniwa shuleni, huuzwa kwa wingi. Kisipoteuliwa, huenda kikakaa rafuni kikila vumbi. Kwa hivyo baba hakukosea kuuliza. Je, waliotutangulia waliishi vipi?

Tumtazame Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka wa 1909. Wengi wetu tunamjua kwa mashairi tu. Kumbe alikuwa karani! Alifanya kazi katika idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akahudumu katika ofisi nyingine za serikali. Mwaka wa 1951 alitoa Kusadikika, hadithi ya nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashtakiwa kwa sababu ya kufundisha elimu ya sheria. Wakati huo Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza. Karani wa serikali angewezaje kuisuta serikali hadharani? Nchi ya angani ilimpa pa kusemea. Alifariki mwaka wa 1962, na kitabu chake Kufikirika kikachapishwa 1967, yeye akiwa hayupo. Mrabaha wa kitabu hicho hakuuonja.

Hapa kwetu Kenya tulikuwa na Katama Mkangi kutoka pwani. Yeye alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mtaalamu wa mambo ya jamii. Mwaka wa 1986 aliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Alipotoka hakuiweka kalamu chini. Mwaka wa 1995 ilitoka riwaya yake Walenisi. Humo, Dzombo anahukumiwa kifo na kutiwa katika chombo cha angani ili akaangamie huko mbali. Badala ya kufa, anatua katika nchi yenye haki. Hebu lisome tena jina la nchi hiyo, polepole: wale ni sisi. Mkangi alifariki mwaka wa 2004.

Naye Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, alikuwa mwalimu maisha yake yote, hadi vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Botswana. Alianza na Rosa Mistika mwaka wa 1971, hadithi ya maisha tunayoyajua. Nagona, yenye ulimwengu wa kiajabuajabu, ilitoka 1990, na Mzingile ikafuata 1991. Karibu miaka ishirini ilipita katikati! Mstahimilivu hula mbivu.

Wenzangu, mmeona? Hakuna kati yao aliyengoja ndoto zimlishe. Kazi iliwapa unga, na isitoshe, iliwapa pia cha kuandika. Karani aliwaona wakubwa wakitawala, mhadhiri akaijua jamii yake, mwalimu akawasikiliza vijana. Nchi zao za ajabu zilijengwa kwa udongo wa hapa hapa. Ni kama wachongaji wetu wa Tabaka. Wanachonga ndovu kwa mawe ya Kisii, ilhali hakuna ndovu anayetembea Tabaka, na wengi wao jembe hawajaliacha.

Kwa hivyo usiache hesabu wala sayansi eti wewe ni mtunzi. Mtu asiyejua roketi huruka vipi atairushaje kwenye karatasi?

Haya yote nilimweleza baba jioni moja jikoni. Alinyamaza kitambo, halafu akacheka. "Basi ni sawa," akasema. "Mchana chuma chai, usiku andika. Lakini hiyo nchi yako, wakulima wa chai wawe wanalipwa vizuri."

Hadithi yangu ya kwanza nimeianzia hapo.