Kona Iliyoingia Ndani

Huko Tetu, katika kaunti ya Nyeri, shamba lifuatalo ukingo wa bonde ni nadra kuwa mraba. Tuseme lina pande tano zilizonyooka. Hilo hugawika pembetatu tatu, kila moja nyuzi 180. Basi kona zake tano jumla ni nyuzi 540, hata kona moja ikiwa imeingia ndani. Jumla ikipotoka sana, vipimo virudiwe.

Kona hiyo iliyoingia, yenye zaidi ya nyuzi 180, yataka hadhari: mstari ulionyooka baina ya vigingi viwili waweza kukatiza ardhi ya jirani. Kina mama na mabinti, kabla ya kuligawa shamba la mirathi, na tuzihesabu kona. Haki ya mrithi haikadiriwi kwa macho.