Aliyekashifiwa Adai Fidia au Asamehe? Maswali Kutoka Mbuchi Kuhusu Kesi ya Membe na Musiba



Mei 2023, siku chache baada ya Bernard Membe kuzikwa kwao Rondo, Lindi, tulikuwa Mbuchi, ndani ya delta ya Rufiji, kwa darsa la mirathi. Tulikuwa bado kwenye madeni ya maiti, mzee mmoja wa safu ya mbele akainua mkono: "Sheikh, na yale mabilioni ya Musiba, sasa atalipwa nani?" Watu wakacheka. Kisha kila mmoja akawa na lake, na darsa halikurudi tena kwenye mafungu ya warithi usiku ule.

Tuwakumbushe kwa ufupi wasioifuatilia kesi hiyo. Membe alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kuanzia 2007 hadi 2015. Mwaka 2018 gazeti la Tanzanite, la Cyprian Musiba aliyejiita mwanaharakati huru, lilimwandika kuwa anamhujumu Rais Magufuli.  Membe alifungua kesi ya kashfa Mahakama Kuu akidai shilingi bilioni 10. Oktoba 2021 mahakama ikampa ushindi na kuamuru alipwe mabilioni. Wakili Fatma Karume wa Zanzibar naye alimshitaki Musiba huyo huyo kwa kashfa, naye akashinda. Musiba baadaye alijitokeza hadharani kuomba radhi. Membe alishikilia alipwe haki yake, na tarehe 12 Mei 2023 akafariki dunia jijini Dar es Salaam.

Maneno tuliyoyasikia Mbuchi ndiyo yale yale yaliyosikika Mafia, Unguja na kwingineko. Wapo waliosema Membe alikuwa na moyo mgumu, mtu kaomba radhi mbele ya dunia nzima, kwa nini asimsamehe? Wengine wakasema fedha zote hizo kwa maneno tu ni kukomoana. Na wapo, Allaah Atusamehe, waliosema aliyekataa kusamehe kaondoka, deni kalisamehe kwa nguvu. Huku ni kuzungumza ya ghaibu bila ilimu. Hakuna ajuaye kwa nini roho ya mtu imechukuliwa siku ile na si nyingine.

Kesi ile haikuhukumiwa kwa sharia ya Kiislamu, wala sisi hatukai kuihukumu upya. Lakini maswali yake ni yetu. Baada ya Isha mama mmoja alimtuma kijana wake atuite pembeni. Binti yake alikuwa ameposwa. Sauti ya dakika moja ikazungushwa kwenye kundi la simu la ukoo, mtu anasimulia kuwa binti huyo alionekana usiku na mwanamume. Posa ikarudishwa. Baadaye msemaji mwenyewe akakiri kuwa hakuona kitu, aliambiwa. Sasa wazee wanamwambia mama asamehe, mambo yaishe. Yeye akatuuliza: "Mbona yule waziri alidai, mimi nikidai naambiwa sina imani?"

Tunamjibu yeye, na kila mwenye swali kama lake.

Heshima ya Muislamu ni haramu kuvunjwa kama ilivyo damu yake na mali yake. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) aliyataja matatu hayo pamoja katika khutba ya Hajja ya kuaga. Kumtaja mtu kwa aibu aliyonayo ni kusengenya, na kumtaja kwa asiyokuwa nayo ni uzushi, nao ni mkubwa zaidi. Kumsingizia mwanamke uchafu wa zinaa kuna hukumu yake peke yake katika Suuratun-Nuur: asiyeleta mashahidi wanne hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Adhabu hiyo hutolewa na mamlaka ya hukumu, si ukoo wala kijiji. Tumeitaja ili ijulikane uzito wa ile sauti ya dakika moja.

Kwa hiyo mwenye kudhulumiwa kudai haki yake si dhambi wala si upungufu wa imani. Qur-aan imemruhusu aliyedhulumiwa kuutaja ubaya aliofanyiwa, na ikampa hiari, alipize kwa kiasi chake au asamehe na ujira wake uwe kwa Allaah. Kusamehe ni bora. Lakini ubora ule ni wake yeye kuuchagua, si wa wazee kumchagulia.

Wengi hapa hutaja kisa cha Abu Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhu) na Mistah. Mistah alikuwa jamaa yake masikini, Abu Bakr akimlisha, naye akawa miongoni mwa walioeneza uzushi juu ya Mama yetu 'Aaishah. Abu Bakr akaapa kukata msaada wake, ikateremka aya ya kuwahimiza wenye fadhila wasamehe, akasamehe na kuurudisha msaada. Kisa ni sahihi. Ila tuangalie mpangilio wake, maana husahauliwa. Zilianza kuteremka aya za kumtakasa 'Aaishah na kuuita uzushi kwa jina lake mbele ya Madina yote. Na imepokewa kuwa Mistah na wenzake waliadhibiwa. Baada ya hayo ndipo ukaja mwito wa msamaha. Wazee wetu wengi huanzia mwisho wa kisa.

Ama fedha, hapa wanazuoni wamekhitalifiana. Hasara inayohesabika, kama gharama za harusi iliyovunjika au biashara iliyopotea kwa sababu ya uongo, wengi wa wanazuoni wa leo wanaona inaweza kudaiwa. Fidia ya uchungu wa moyo na kuvunjiwa heshima peke yake ni jambo jingine. Wengi hawaioni kuwa na bei, na wanasema dawa yake ni kutiwa adabu na hakimu na kusafishwa jina. Baraza la Kimataifa la Fiqhi lenye makao yake Jeddah, katika azimio lake la mwaka 2000 kuhusu masharti ya fidia kwenye mikataba, lilihesabu hasara ya mali na kuiacha nje hasara ya kihisia. Wapo wanazuoni wengine wa zama hizi wanaoijuzisha. Sisi tunaelekea kwenye rai ya kwanza, bila kumtia makosani aliyefuata ya pili.

Na mahakama ina gharama zake, tusidanganyane. Mwaka 2012 mfanyabiashara Reginald Mengi alishindwa London katika kesi ya kashfa aliyomfungulia Sarah Hermitage, na akatakiwa kubeba gharama za upande wa pili zilizozidi paundi milioni 1. Mtu wa delta ambaye akitaka wakili lazima asubiri maji yajae ndipo apande boti, hawezi kuanzia huko.

Mzee wa safu ya mbele naye apate jibu lake. Fedha iliyokwisha hukumiwa ni deni kama madeni mengine. Mwenye kudai akifa huwa ni ya warithi wake, na wao ndio wenye kudai au kusamehe. Hata haki ya aliyesingiziwa zinaa, katika madhehebu ya Shaafi'iy, hurithiwa. Mauti hayamfutii mdaiwa kitu. Mtume alitutahadharisha tumalize dhulma za heshima hapa duniani, kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu, siku ambayo malipo ni mema ya mtu, na yakimwishia hubebeshwa madhambi ya mwenzake.

Lipo kundi ambalo katika maneno yote ya Membe na Musiba halikutajwa Mbuchi hata mara moja, nalo ni sisi tulioisambaza habari. Watu wa Kibiti hawana haja ya kufundishwa uzito wa jina kutajwa vibaya. Mwaka 2017, polisi na viongozi wa vijiji walipokuwa wakiuawa wilayani humu, kumtaja jirani kwa dhana tu hakukuwa mzaha. Ile sauti ya binti ilipelekwa mbele na watu wangapi? Kila aliyeipeleka anadaiwa. Na toba yake haitimii kwa istighfaar ya kimya chumbani, maana hii ni haki ya mja. Auseme uongo kuwa ni uongo pale pale alipoueneza, na amtake radhi mwenyewe.

Ndivyo tulivyomwambia mama yule: adai kwanza msemaji arudi kwenye kundi lile la ukoo, kwa sauti yake, aseme hakuona kitu. Gharama za posa akizitaka, akae naye mbele ya imamu na mashahidi. Msamaha ni wake, kwa wakati wake.

Kijana aliitwa usiku ule ule, akasema atarekodi asubuhi. Tuliondoka na maji ya alfajiri, kabla hajarekodi. Mama alikuja kutuaga gatini. Alikuwa bado hajasamehe, nasi hatukumshurutisha.

Na Allaah Ndiye Mjuzi zaidi.