Kifuniko cha Tangi na Gunia la Karafuu

Ndugu wanachama,

Msimu uliopita lilitukia jambo ambalo mimi katibu wenu sikupenda kuliandika, lakini nimeona kulificha si uungwana. Pikapu tuliyokodi kuchukulia karafuu za wanachama kutoka Konde kwenda Wete ilikuwa imepotelewa na kifuniko cha tangi la petroli. Dereva alikisahau pahala alipotia mafuta, akaziba mdomo wa tangi kwa tambara. Akaniuliza, "Bwana Katibu, twende hivi hivi?" Nikamjibu, "Twende, kesho tutatafuta kingine."

Njiani tukatia petroli. Dereva akalichomoa lile tambara, nalo linachuruzika, akaliweka juu ya gunia lililokuwa karibu naye, kisha akalirudisha. Tulipofika kituoni, karani akafungua gunia lile, akanusa, akalisukuma kando. Lilikuwa gunia la bibi mmoja mwanachama, aliyeanika karafuu zile majamvini na kuzianua kila wingu lilipotanda. Nilimlipa kwa mfuko wangu, kwani kosa lilikuwa langu. Lakini kazi ya mikono yake ilipotea bure, na hiyo hailipiki.

Karafuu kavu huvuta harufu ya kitu ilichowekwa nacho, na harufu ya petroli ikishaingia haitoki kwa kuanika tena. Wala hasara ya tambara haikomi hapo. Kwanza, tambara lililorowa petroli ni utambi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hushuka chini na kutambaa, na cheche moja yatosha kuuwasha. Pili, mvua za vuli hutukuta katikati ya kuchuma, na tambara halizuii maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini ya tangi, na aghalabu ndiko mafuta yanakovutwa kwenda kwenye injini. Gari hukohoa, kisha huzima, na mzigo hubaki kunyeshewa kilimani. Tatu, mchanga na nyuzi za tambara huziba kichujio. Na mwenye kuziba kwa mfuko wa plastiki naye hakufanya jambo, kwani mfuko hupasuka, na petroli huila baadhi ya plastiki.

Basi kifuniko kikipotea, gari isichukue mzigo mpaka kipatikane kingine. Kazi ya kukitia ni ya dakika chache, na kila mwanachama aweza kuifanya nyumbani kwake.

Penye kuhitaji akili ni kununua. Mwenye kifuniko kilichovunjika na aende nacho dukani. Aliyekipoteza na aandike aina ya gari, mwaka wake, namba ya chesisi, na kama yatumia petroli au dizeli. Vifuniko hufanana kwa sura, lakini vingine hukazwa kwa kuzungushwa mara kadhaa, vingine kwa robo mzunguko tu.

Tena hutofautiana kwa pumzi. Mafuta yakipungua, hapana budi hewa iingie mahali pake. Katika magari mengi ya zamani hewa hiyo hupita katika kijitundu chenye vali ndani ya kifuniko chenyewe. Ukitia kifuniko kisichopumua kwenye tangi lisilo na njia nyingine ya hewa, gari itakwenda kitambo kisha injini itakosa mafuta. Nawe ukifungua kifuniko utasikia hewa ikivutwa kwa nguvu. Magari ya miaka ya karibuni yana kisanduku cha makaa kinachonasa mvuke wa petroli, nayo hutaka kifuniko kinachobana barabara. Kikilegea, taa ya injini huweza kuwaka mbele ya dereva.

Ama kukitia, fanya hivi. Zima injini, uiweke gari nje penye hewa, mbali na jiko na sigara. Gusa chuma cha bodi kwa mkono mtupu ili umeme wa mwilini uondoke. Futa mdomo wa tangi kwa kitambaa safi kikavu, ukivuta uchafu nje, usiusukume ndani. Ikiwa kifuniko cha zamani kilifungwa kwa kikanda cha plastiki, chomoa kichwa cha kikanda kwa koleo, utie kipya katika tundu ile ile. Tazama mpira wa ndani: usiwe na ufa wala usiwe umejikunja. Kisha zungusha kwa mkono bila kulazimisha. Kikigoma, kirudishe nyuma uanze upya, maana kilichoingia upande huharibu mdomo wa tangi. Vingi hutoa mlio wa "tak" vinapokaza. Kama taa ya injini ilikuwa imewaka, yaweza kuchukua safari kadhaa kabla haijazimika yenyewe.

Unayeshuku kwamba maji yamekwisha kuingia, usiwashe gari. Mwite fundi alimwage tangi kwanza.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimu huu, kabla gunia la kwanza halijapakiwa, mimi mwenyewe nitazunguka nyuma ya kila gari tutakayokodi nikitazame kifuniko chake. Nawaomba nanyi mnaopeleka karafuu kwa gari zenu mfanye vivyo hivyo. Na dereva akikuuliza, "Twende hivi hivi?" usimjibu kama nilivyojibu mimi.

Wenu,
Katibu