Baiskeli Nayo Ipewe Njia Yake

Apandaye baiskeli alfajiri akatoka Darajani kuelekea kaskazini, huipitia historia ya Unguja kituo kwa kituo kabla jua halijawa kali. Kwanza yapo magofu ya Maruhubi, kasri la Seyyid Barghash lililoungua mwaka 1899. Kisha Mtoni, kwenye kasri la Seyyid Said, alikozaliwa Bibi Salme mwaka 1844. Mbele yake ni Bububu, ambako gari la moshi lilifika mwaka 1905. Akipinda kulia akapanda kilima cha Kidichi, hulikuta hamamu alilolijenga Seyyid Said mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi. Safari yote hiyo haifiki kilomita 20.

Njia kama hizo tunazo nyingi. Upande wa kusini, ipo ile ipitayo Tunguu na msitu wa Jozani hadi Kizimkazi Dimbani, penye msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Kisiwani Pemba, atokaye Chake Chake kwenda Wete hupanda na kushuka vilima vya mikarafuu, na mwenye pumzi huendelea hadi msitu wa Ngezi.

Hata hivyo, hatuandiki haya kwa ajili ya mgeni peke yake. Baiskeli ni chombo cha mkulima apelekaye muhogo sokoni, cha mchuuzi atokaye diko na tenga la samaki, na cha mwanafunzi ambaye skuli iko mbali na kwao. Wao ndio wenye njia hizi kila siku, mvua na jua.

Barabara zetu nyingi zimepanuliwa na kutiwa lami, na kwa hilo tunaipongeza Serikali. Lakini lami nzuri huzidisha mwendo wa gari, na mwenye baiskeli huachiwa ukingo mwembamba. Gari moja likija nyuma yake na jengine mbele, hana pa kwenda ila mtaroni.

Jozani inatupa somo. Magari yalikuwa yakiwagonga kima punju wavukao barabara. Matuta yakajengwa, na vifo vyao vikapungua. Ikiwa kima aliweza kufikiriwa, hatuoni kwa nini asahauliwe binadamu aliye juu ya baiskeli.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wanaohusika. Kila mchoro wa barabara uoneshe tangu mwanzo njia ya baiskeli pembeni, kwani kuiongeza baadaye ni gharama maradufu. Vipande vya barabara kongwe vinavyoachwa pale barabara mpya inaponyooshwa visigawiwe viwanja, bali vitunzwe pamoja na miembe yake iwapatie wapitao kivuli. Na penye magofu pawekwe vibao vya kueleza historia, kwa Kiswahili kwanza.

Nanyi wenye baiskeli mna wajibu wenu: taa usiku, breki nzima, na kushika upande wa kushoto.

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Gari ni msala mzuri. Lakini baiskeli ndiyo mbacha wetu, na wengi bado wanaukalia.