Mchora vibonzo naye asiuze lumbesa

KIBONZO cha Soko la Kariakoo kikishatiwa fremu na kioo hujiuza chenyewe kwa kicheko. Paa la zege lenye umbo la miavuli limechorwa dogo kama uyoga. Gunia la viazi la lumbesa limekuwa refu kuliko lori lililolibeba. Kuli shingo imezama mabegani, na machinga mmoja amejitwisha duka zima kichwani. Mnunuzi anacheka kwa sababu mambo hayo anayajua, na pengine yamewahi kumkuta.

Nyuma ya kicheko hicho kuna biashara yenye mikono mingi: mchoraji, mchapaji, fundi wa fremu, mwenye duka, na hata mkulima wa miti aliyetoa mbao. Swali la kiuchumi ni moja: katika mnyororo huo, nani anaondoka na faida na nani anaambulia jasho?

Kariakoo inafaa kwa picha za namna hii kwa kuwa inajulikana na kila mtu. Jina lake lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Jengo la soko lenye miavuli ya zege, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975. Moto wa Julai 2021 uliliharibu vibaya, na tangu hapo picha ya soko la zamani imekuwa pia kumbukumbu kwa waliofanya biashara pale. Kumbukumbu ina bei yake.

Hesabu ya fremu

Wafanyabiashara wengi wa picha hupoteza fedha kwenye mbao bila kujua. Chukua karatasi ya A3, yaani sentimita 29.7 kwa 42. Picha nzuri huwekewa pambizo ya karatasi ngumu, tuseme sentimita 5 kila upande. Pambizo hiyo si urembo tu. Huizuia picha isigusane na kioo, maana katika unyevunyevu wa Pwani picha iliyogusa kioo hunata na kuharibika.

Kwa ubao wa fremu wenye upana wa sentimita 3, pamoja na pembe za kukata kwa mshazari, fremu moja itahitaji kama sentimita 207. Ubao wa futi 12 una sentimita 366 hivi. Fundi anayekata fremu moja kwa kila ubao anabaki na kipande cha zaidi ya mita moja na nusu, ambacho mara nyingi huishia jikoni. Anayepanga kazi yake hukata kila ubao vipande vitatu virefu na vitatu vifupi. Mbao mbili zinampa fremu tatu badala ya mbili, bila kuongeza hata senti.

Jambo jingine ni ukavu. Mbao za paini, kama zile zinazotoka Mufindi, ni nyepesi na rahisi kukata, lakini zikitengenezwa zikiwa mbichi hukaukia ukutani na pembe huachia. Mkulima wa miti anayeweza kupasua, kukausha na kuuza mbao iliyo tayari anauza kitu tofauti kabisa na yule anayeuza mti ukiwa umesimama shambani.

Haki ya kunakili

Hasara kubwa zaidi iko kwa mchoraji. Mara nyingi kijana huuza mchoro wake mara moja, mnunuzi akaupeleka kwenye mashine na kutoa nakala atakavyo. Mkulima anaifahamu biashara hiyo: ni lumbesa. Bei ni ya gunia moja, lakini kilichobebwa ni gunia na kilemba juu yake.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuuza karatasi yenye mchoro si sawa na kuuza haki ya kuutoa nakala. Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kunasaidia kuthibitisha nani mwenye mali pale ugomvi unapozuka.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtu anataka kuununua mchoro pamoja na haki zake zote kwa Sh50,000. Mchoraji anaweza kuomba badala yake Sh20,000 za kuanzia na Sh1,500 kwa kila nakala itakayouzwa. Zikiuzwa nakala 20, amefikia ile Sh50,000. Zikiuzwa 200, amepata Sh320,000. Zisipofika 20, atakuwa amepata pungufu, na hiyo ndiyo hatari anayopaswa kuipima kabla ya kukubali. Mchapaji naye anapata nafuu, kwa sababu hatoi fedha nyingi kabla hajaona soko.

Makubaliano hayo yaandikwe na kusainiwa, yakitaja idadi ya nakala. Kila nakala ipewe namba, kwa mfano 1/200, na mchoraji aisaini kwa penseli. Namba hizo humsaidia kuhesabu kilichotoka, na humhakikishia mnunuzi kwamba picha yake haitajazwa mtaani kesho.

Mwenye duka naye aandike gharama zote kabla ya kupanga bei: uchapaji, ubao, kioo, kadibodi ya nyuma, nauli na vioo vinavyovunjika njiani. Wahenga walishasema, mali bila daftari huisha bila habari. Gunia la lumbesa linachekesha likiwa kwenye picha. Kwenye mkataba halimchekeshi aliyelijaza.